Tuulizeni: Barua ya wazi kwa madaktari na wauguzi wa kliniki za sukari na presha, Rumonge hadi Nyanza-Lac

Waheshimiwa madaktari, ndugu zetu wauguzi, na nyinyi abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa jamii, mnaozunguka vilimani na ufukweni,

Ninawaandikia kutoka Nyanza-Lac, Burundi, kuwaomba swali moja. Kila tunapokuja kliniki mnatuuliza mengi, na yote yana maana: dawa zimetosha, tumekula nini, macho yanaona, nyayo zinachoma. Liko moja ambalo hamtuulizi, na sisi wanaume hatutalitamka wenyewe hata tukipelekwa kaburini nalo. Hamtuulizi kama nguvu za kiume bado zipo.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, nina sukari, nina presha, na nina mke. Jina langu sikuliweka kwa sababu nina wakwe katika mji huu na watoto wanaosoma shule za hapa. Tena haya si yangu peke yangu. Ni ya wenzangu tunaokaa nao kwenye benchi, ambao huongea juu ya bei ya mafuta ya gari, juu ya mawese, juu ya mukeke walivyopungua ziwani, na wakifika kwenye jambo hili wanakohoa na kutazama pembeni.

Itazameni asubuhi ya kliniki jinsi sisi tunavyoiona. Benchi liko kwenye baraza, meza ya muuguzi iko mlangoni. Wapo waliotoka ziwani alfajiri, sweta bado zina harufu ya ndagala, na wapo wakamuaji wa mawese wenye mafuta mekundu kwenye kucha. Muuguzi anafunga mkanda mkononi, anasikiliza, anasema kwa sauti: "Kumi na sita kwa kumi." Benchi zima limesikia. Anachoma kidole, anaandika. Anakwambia uvue viatu, anainama, anapitisha mkono wake katikati ya vidole vya miguu kutafuta kidonda kilichojificha. Mimi hapo humheshimu sana, kwa maana si kila mtu angeshika miguu yetu. Kisha anasema, "Haya mzee, dawa hizi, urudi mwezi ujao." Aliyesema maneno hayo ni binti wa umri wa mwanangu wa tatu, na kijana anayeandika majina pembeni yake ni mpwa wa mke wangu. Niambieni, waheshimiwa, ni mwanamume gani wa pwani hii atakayefungua kinywa hapo aseme habari za chumbani?

Ndiyo maana ninasema swali litoke kwenu.

Mguu mnauangalia kwa sababu mnajua sukari inavyofanya kazi. Ikikaa juu miaka mingi huua neva, na huharibu mishipa ya damu kwa ndani. Figo na macho huharibika kwa njia hiyohiyo. Na uume vilevile. Mwanamume anapopata hamu, neva hupeleka habari, na mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza misuli ya mishipa hiyo ili damu ijae. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kazi yao juu ya gesi hiyo. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Viagra iliidhinishwa Marekani, dawa ambayo mwanzo kampuni ya Pfizer iliijaribu kwa ajili ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kwa mwenye sukari, neva imechoka na mishipa haitoi gesi ya kutosha. Hamu inaweza kuwapo, mapenzi kwa mke yapo, na mwili ukakataa. Presha, sigara na mafuta katika damu huongeza ubovu uleule.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kama waganga. Mishipa inayopeleka damu uumeni ina upana wa milimita 1 hadi 2. Inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Uchafu unaoziba mfereji mwembamba leo, kesho utaufikia mpana. Madaktari wa moyo wameona kwamba kuishiwa nguvu kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Mwanamume anayewaambia kwamba mwili hauitiki tena, huenda anawapa taarifa ya moyo wake kabla kifua hakijamuuma hata siku moja. Katika kituo kisicho na kipimo cha moyo, taarifa hiyo ni mali, na inapatikana kwa kuuliza tu.

Wala msifikiri tuko wachache. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti waliwauliza wanaume 312 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kisukari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: asilimia 55 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani, na wengi kati yao kwa kiwango kikali. Zaidi ya nusu ya benchi. Na kwa wale wanaodhani ni laana ya ukoo au jicho la jirani, huko Massachusetts, Marekani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 wana upungufu wa namna fulani, na wenye sukari walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Huko nako wamerogwa na nani?

Sasa niwaeleze tunachofanya msipotuuliza.

Kwanza, tunaacha dawa za presha. Ninalianza hili kwa sababu ndilo linaloua. Ziko habari zinazotembea kwenye boti, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vilabu vya urwarwa, kwamba vidonge vya presha vinamaliza uanaume. Mtu akimeza mwezi mmoja, akaona mabadiliko kitandani, anaweka vidonge juu ya kabati na hasemi. Mwezi unaofuata anakuja kliniki kama kawaida, mnampima mnakuta kumi na nane, mnamgombeza kwa chumvi. Anaitikia, "Ndiyo muganga, nitapunguza." Ninamfahamu baharia mmoja upande wa kusini mwa mji wetu aliyefanya hivyo. Alianguka akiwa anavuta nyavu, mkono na mguu wa kulia vikafa, na leo mkewe ndiye anayemlisha. Vidonge walivikuta vimejaa katika mkebe wa maziwa ya unga. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini hamezi. Waliandika tu kwamba presha haishuki.

Na habari zile za kijiweni zina ukweli ndani yake, ndiyo maana haziwezi kushindwa kwa kunyamaza. Baadhi ya dawa za presha kweli zinaweza kupunguza nguvu: haidroklorothiazaidi, atenololi, propranololi, methildopa. Nyingine, kama amlodipini na losatani, kwa kawaida hazina lawama hiyo. Muuguzi anayejua haya anaweza kumwambia mgonjwa: usiache, njoo tuzungumze na daktari abadilishe. Lakini atamwambiaje asiyejua kwamba ameumia? Kijiwe kinamwambia nusu ya ukweli, kliniki haimwambii kitu. Atamsikiliza nani? Na mara nyingi kosa si la kidonge kabisa, ni la presha yenyewe iliyokaa miaka kumi bila kujulikana, ila kidonge ndicho kilichokuja mwisho nacho kikabebeshwa mzigo wote.

Pili, tunanunua unga. Mnauona sokoni kama ninavyouona: vikopo visivyo na karatasi, mizizi iliyofungwa kwa uzi, vumbi la Kongo linalovuka ziwa, na vidonge vya buluu vinavyouzwa kimoja kimoja nje ya boksi lake. Sina neno baya kwa waganga wetu wa miti shamba wanaojua kazi yao. Ninachoogopa ni unga usio na jina. Idara ya dawa ya Marekani, FDA, imetoa onyo baada ya onyo kuhusu bidhaa zinazouzwa kama za asili tupu ambazo zilipopimwa zilikutwa na sildenafili ndani, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika Viagra, tena kwa kipimo asichojua yeyote. Mzee mwenye moyo mbovu anayetumia dawa za aina ya nitrati, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akilamba unga wa namna hiyo presha yake inaweza kushuka ghafla mpaka afe. Mkewe ataamka na maiti, na mji mzima utasema yake. Hatari hii mnaifahamu nyinyi, waheshimiwa. Muuza unga haifahamu, au haimhusu.

Tatu, tunazivunja nyumba zetu. Mwanamume aliyeishiwa hujitenga. Anaanza kulala sebuleni akisingizia joto. Anakuwa mkali kwa mambo madogo. Anakaa ziwani siku ambazo angeweza kurudi. Mkewe, ambaye hakuambiwa kitu, anahesabu kwa akili zake: ana mwanamke mwingine Rumonge, au ameniona nimezeeka. Wapo wanaooa mke wa pili wajaribu kama kosa ni la wa kwanza, na aibu inakuwa ya nyumba mbili. Wapo wanaomtuhumu mke kwa uchawi. Ninawajua wanawake wa hapa wenye akili na subira ambao wangemshika mkono mume wao wakaenda naye kliniki siku hiyohiyo, kama wangejua kwamba ni sukari.

Kwa ndugu zangu Waislamu wa Rumonge na Nyanza-Lac niongeze jambo ambalo masheikh wetu wanalifahamu. Fikihi haikulionea haya suala hili. Mke akilalamika kwamba mume hawezi, kadhi humpa mume muda wa mwaka mmoja, hukumu inayonasibishwa na Khalifa Umar bin Khattab, ili majira yote ya mwaka yapite na ijulikane kama ni maradhi ya kuondoka. Kwa hiyo wazee wetu waliona kwamba huenda ni ugonjwa, na wakampa mgonjwa nafasi. Itakuwaje sisi, tulio na kliniki kilomita chache kutoka mlangoni, tushindwe kumpa hata dakika tano?

Najua mtakalojibu, na lina haki yake. Mtasema: mzee, tunahangaika kupata insulini, fedha za kigeni hazipatikani, famasi zina rafu tupu, mafuta ya gari la wagonjwa tunayatafuta kwa tochi, na wewe unatuletea habari za kitanda. Ninakubali kwamba insulini iwe mbele. Kijana mwenye sukari akikosa insulini hufa, na mimi nikikosa nguvu siku hiyo sifi. Lakini swali haliagizwi nje ya nchi. Na sehemu kubwa ya majibu mnayo tayari. Kumbadilishia mtu kidonge kilicho stoo kwa kingine kilicho stoo. Kuishusha sukari yake kwa bidii, na kumwambia kwamba ndiyo njia ya kuziokoa neva zilizobaki. Nawahakikishia, mwanamume ambaye hakujali mlipomtisha kwa figo, kwa hili atajali. Kumwachisha sigara. Kumtembeza. Huko Napoli, Italia, wanaume 110 wanene wenye tatizo hili walifuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yakatoka mwaka 2004: katika kundi lililofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, karibu theluthi moja walirudi katika hali ya kawaida bila kidonge. Wavuvi hawahitaji kuambiwa wafanye kazi ya mikono. Ninawasema wale wenzangu wa madukani na maofisini, tunaokaa kwenye kiti toka asubuhi, na jioni tunaongeza sahani ya ugali wa muhogo na chupa mbili.

Kisha kuna dawa yenyewe. Sildenafili haimilikiwi tena na kampuni moja, inatengenezwa na viwanda vingi na bei yake imeshuka sana. Ninaiomba Wizara ya Afya, kwa kupitia nyinyi, iiangalie nafasi yake katika manunuzi ya CAMEBU, bohari kuu ya dawa ya taifa, hata kwa kiasi kidogo kwa hospitali za wilaya, ili anayefaa kuipata aipate kwa mkono wa daktari aliyempima moyo kwanza na kumuuliza dawa anazotumia. Na hapo pia kuna elimu ya kutoa. Wengi huimeza juu ya chakula kizito chenye mafuta, wakangoja dakika kumi, wakasema ni feki. Kwa kawaida humezwa tumbo likiwa jepesi, saa moja hivi kabla, wala haifanyi kazi bila mapenzi kuanza. Na kwa wenye sukari baadhi haitawasaidia vya kutosha, kwa sababu neva zimeshakufa. Hao nao waambiwe ukweli, na waambiwe kwamba nyumba haijafa kwa hilo; mke na mume wanaozungumza hupata njia nyingi za kubaki mke na mume.

Nije kwenye namna ya kuuliza, maana swali zuri likiulizwa vibaya litatufunga midomo zaidi. Msituulize barazani. Mtafute chumba chenye mlango, na kama chumba ni kimoja, basi mwisho wa kliniki, wanaume wabaki mmoja mmoja. Akiwapo muuguzi mwanamume aliyetutangulia umri kidogo, awe yeye. Kama anayeandika ni mkwe au mpwa wa mgonjwa, aondoke kwa kisingizio chochote. Abaremeshakiyago, ninawapenda kwa kazi yenu, lakini hili msibishe hodi nalo nyumbani mbele ya watoto. Kazi yenu iwe kutuambia tu kwamba kule kliniki siku hizi wanazungumza na wanaume faragha.

Na swali lenyewe lisianze na mimi, lianze na ugonjwa. Mkiniambia, "Mzee, una tatizo la nguvu za kiume?" nitasema hapana, nitaapa. Mkiniambia, "Mzee, sukari huwapunguzia wanaume wengi nguvu za kiume, zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kwako imefikia wapi?" mtakuwa mmeshanitoa aibu kabla sijajibu. Mkitaka kwenda mbele kuna maswali 5 mafupi yanayotumika duniani tangu mwaka 1999 kupima kiwango chake. Mniulize pia kama asubuhi nikiamka mwili unaitika, kwa sababu anayeitika asubuhi huenda shida yake ni wasiwasi au huzuni, si mishipa. Na katika nchi iliyopitia tuliyopitia, toka mauaji ya mwaka 1972 mpaka vita na kambi za wakimbizi za Tanzania, wapo wanaume wenye huzuni ya miaka mingi ambao hawajawahi kuulizwa hata hiyo.

Msiseme haiwezekani Burundi. Katika miaka ya 1990, watu walipokuwa wakifa kwa ukimwi huku ndugu wakisema ni malaria, Jeanne Gapiya alijitokeza hadharani na kusema anaishi na virusi, na chama chake cha ANSS, kilichoanzishwa mwaka 1993, kikafungua midomo ya maelfu. Leo muuguzi wa kituo chochote cha afya hapa pwani anamuuliza mgonjwa habari za kondomu na za wapenzi wake bila kupepesa macho, na mgonjwa anajibu. Kazi ngumu zaidi mlishaifanya. Hili letu ni jepesi, kwa kuwa halimwambukizi mtu.

Ombi la mwisho ni la karatasi. Ripoti mnayoipeleka wilayani kila mwezi ina idadi ya wenye presha, wenye sukari, waliokatwa miguu, waliofariki. Ongezeni mstari mmoja: wanaume walioulizwa, waliosema ndiyo, waliobadilishiwa dawa, na walioacha dawa kwa sababu hiyo. Rumonge na Nyanza-Lac sasa zimo katika mkoa mmoja wa Burunga, kwa hiyo daftari linaweza kuwa moja kwa pwani yote. Anzeni na kliniki mbili, mwaka mmoja, kisha mketi na wizara mkiwa na namba za wanaume wa hapa badala ya kuazima za Muhimbili. Na hao watakaowaambia kwamba waliacha vidonge, muwape vingine siku hiyohiyo, kabla hawajapanda boti.

Wenu kwa heshima,

Mgonjwa wa sukari na presha
Nyanza-Lac